Mtamba Azaapo Huangaliwa, Mama Je?

Mfugaji ye yote aliye mwangalifu ajua kwamba ndama azaliwapo yapasa apewe dang'a mapema, kabla ya muda wa saa 6 kupita, maana matumbo yake huipokea kinga ya mama yake kwa muda mfupi tu, na baada ya siku moja mlango huo hufungwa. Ajua tena kwamba mtamba azaaye kwa mara ya kwanza si kama ng'ombe mzoefu. Huenda akampiga ndama mateke, huenda kiwele chake kikavimba na kuwa kigumu, na huenda akayazuia maziwa yasiteremke kwa kuwa ameshtushwa. Kwa sababu hiyo mtamba haachwi peke yake. Mwenyewe hukesha naye, humkanda kiwele kwa maji ya uvuguvugu, humwelekeza ndama kwenye chuchu kwa mkono wake, wala hawaachi watoto wapige kelele karibu na zizi. Wasomaji wengi wa gazeti hili ni wakulima, nao wameyasoma mambo hayo mara nyingi, wala mimi niliye karani sina la kuwaongezea katika habari za ng'ombe. Nataka kuuliza tu kwa nini mwanamke azaapo mtoto wake wa kwanza twadhani ya kuwa atajua kila kitu mwenyewe.

Pengine wako wanaume watakaoona kwamba habari hizi si zao, wakataka kugeuza ukurasa. Tafadhali wasigeuze. Nani atumwaye dukani usiku kununua maziwa ya kopo? Nani apigiwaye simu ofisini kuambiwa kwamba mtoto halali? Nyumba ambayo mtoto wake hanyonyi vizuri haina mtu alalaye, awe mke, awe mume, awe mgeni.

Binti yangu alizaliwa mwezi wa Machi mwaka 2018 mjini Voi, nami nilikuwa na umri wa miaka 29. Mume wangu ni mwalimu, na wakati ule alikuwa akifundisha upande wa Taveta, mwendo wa zaidi ya kilometa 100, hata tukawa twaonana mwisho wa juma tu. Masika ya mwaka ule yalianza kwa nguvu, nayo yakaleta mafuriko katika sehemu nyingi za Kenya. Kliniki nilikwenda mara tano bila kukosa. Nilipimwa damu, nikapewa vidonge vya kuongeza damu, nikadungwa sindano ya pepopunda, nikapewa chandarua, nikafundishwa dalili za hatari zinazompasa mama akimbilie hospitali: kutokwa na damu, kuumwa sana na kichwa, macho kuona kiwi, mtoto kuacha kucheza tumboni. Mafundisho hayo yalikuwa mazuri, nami nayashukuru. Juu ya kunyonyesha tuliambiwa neno moja tu, kwamba mtoto anyonye miezi sita bila kupewa hata maji. Jinsi ya kumnyonyesha hatukuambiwa. Wala shuleni sikuambiwa. Nilisoma sekondari katika shule ya misheni yenye sifa, na katika somo la biolojia tulichora moyo, figo, jicho, na hata tumbo la panzi; titi hatukulichora.

Uchungu ulinishika Jumatano baada ya magharibi, mvua ikinyesha. Jirani yangu, mama mtu mzima, aliniitia tuktuk, akapanda pamoja nami, na maji ya barabarani yakawa yanaingia miguuni mwetu. Hospitalini mkunga alinipima akasema njia imefunguka sentimita 3, akaniambia nitembeetembee. Nikatembea usiku kucha katika ujia, kutoka mlango wa wodi mpaka kwenye birika la maji na kurudi. Uchungu wenyewe sitaueleza. Waliozaa waujua, na wasiozaa hawatausadiki. Hata Alhamisi saa tisa alasiri mtoto akazaliwa, mzima, mwenye sauti kubwa, naye akapimwa akaonekana ana kilo 3.2. Gharama zote zililipwa na mpango wa serikali wa wakati ule ulioitwa Linda Mama, nami sikutoa hata senti.

Hapo ndipo mambo yangu yalipoanza kwenda kombo. Mtoto alifutwa, akafungwa nguo, akawekwa mahali penye joto pamoja na wengine, nami nikabaki nikishonwa. Kabla sijamaliza kushonwa, wanawake wawili wengine walifikiwa na saa yao, na wakunga waliokuwa kazini walikuwa wawili kwa wodi nzima. Mtoto wangu nilipewa saa moja usiku, yaani baada ya muda wa saa 4. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtoto awekwe kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, na kuanza kunyonya kabla ya saa moja kupita tangu kuzaliwa, kwa kuwa katika muda huo mtoto huwa macho sana, na hamu ya kulitafuta titi ni kubwa. Baadaye hulala usingizi mzito. Hospitali ile siitaji, na wakunga wale siwalaumu kwa ubaya wa moyo. Mtu mmoja hawezi kuzalisha upande huu na kufundisha kunyonyesha upande ule. Usiku mwuguzi alipita na tochi, akasema, "Akina mama, nyonyesheni watoto," akaenda zake. Nililala kitanda kimoja na mama mwingine, naye pia ndiyo kwanza azae. Tulitazamana. Asubuhi, mtoto akisha kuchanjwa, tukaruhusiwa kwenda nyumbani.

Binti yangu alinyonya ncha tu ya chuchu, kama mtu anywaye soda kwa mrija. Siku ya pili chuchu zote mbili zilikuwa zimepasuka, na kila alipofungua kinywa mimi nilijikaza meno kabla hajanigusa. Ijumaa jioni mume wangu alifika kwa ile ruhusa ya majuma mawili wanayopewa akina baba kwa sheria. Usiku wa kuamkia Jumapili maziwa yakaja kwa wingi, na badala ya kuwa furaha yakawa mateso, maana matiti yalijaa yakawa magumu kama mbao, yamenyoshwa hata mtoto hakupata mahali pa kushika. Alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akalala kwa uchovu, akaamka akalia tena. Mkojo wake ukawa kidogo, na juu ya nepi ya kitambaa ukaacha doa la rangi ya tofali.

Hapa wapaswa kufahamu jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo linalovunja mioyo ya akina mama wengi. Maziwa mengi hayaji siku mtoto azaliwapo. Kondo la nyuma likisha kutoka, mwili hupata habari kwamba mimba imekwisha, na ndipo kazi ya kutengeneza maziwa huanza kwa nguvu. Lakini kazi hiyo huchukua siku mbili au tatu, na kwa mzazi wa kwanza pengine nne, hata maziwa yakajaa. Katika siku hizo za mwanzo kuna yale ya manjano, mazito, machache, ambayo kwa ng'ombe twayaita dang'a. Ni machache kwa sababu tumbo la mtoto nalo ni dogo. Mtoto wa binadamu hupata kinga nyingine kwa damu akiwa bado tumboni, jambo ambalo ndama halipati. Hata hivyo dang'a ya mama humpaka matumbo ndani, kama mtu apakavyo chokaa ukuta, ili viini vya magonjwa visishike. Lakini katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki wamekuwako watu waliosema kwamba maziwa hayo ni uchafu uliokaa titini miezi tisa, wakayakamua na kuyamwaga. Mtu yule yule angempiga mchunga wake faini kwa kumwaga dang'a ya ng'ombe.

Jumamosi mchana mama mkwe wangu alikuwa ameteremka kutoka Wundanyi. Alileta ndizi, maharagwe na unga wa wimbi, akaingia jikoni bila kupumzika. Yeye amelea watoto sita, na mume wangu ni wa tatu. Jumapili, baada ya kumsikia mtoto akilia asubuhi nzima, aliniambia kwa upole, "Mwanangu, huyu ana njaa. Mpe maji ya sukari kijiko kimoja au viwili. Hata mumeo nilimpa, na huyo unamwona." Nikamjibu, "Mama, kliniki walikataza hata maji." Akanyamaza, lakini sikio la mwanamke lajua kunyamaza kwa mtu asiyekubali. Majirani nao walikuja kumwona mtoto, na kila mmoja alikuja na maarifa yake. Mmoja alisema matiti yangu ni madogo hayawezi kushibisha mtoto, maneno ambayo sasa najua kwamba hayana maana, kwa kuwa ukubwa wa titi ni mafuta zaidi kuliko maziwa. Mwingine alisema kuna mtu amenitazama kwa jicho baya. Wa tatu alimvuta mume wangu pembeni akamtajia kopo la maziwa ya unga.

Mume wangu alikwenda akalinunua. Alilipa mamia mengi ya shilingi kwa kopo litakalokwisha kwa siku chache, akaliweka rafuni karibu na dirisha, wala hakusema neno. Usiku ule wote nililiona likinitazama. Singependa wasomaji wafikiri kwamba kopo lile ni sumu. Wako akina mama waliofariki wakizaa, wako wagonjwa, wako wachache ambao matiti yao kweli hayatoi ya kutosha, na watoto wao lazima wapate chakula. Mwaka 2019 katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, ilifunguliwa benki ya maziwa ya mama kwa ajili ya watoto wachanga wenye shida kama hizo. Hata mama mwenye virusi vya UKIMWI, akiwa anatumia dawa zake sawasawa, hushauriwa anyonyeshe. Tena sheria ya Kenya ya mwaka 2012 yakataza kuyatangaza maziwa ya kopo ya watoto wachanga, kwa kuwa yajulikana jinsi mama aliyechoka anavyoweza kushawishika. Kopo lahitaji maji yaliyochemshwa, chombo safi, kipimo sahihi, na fedha kila juma. Mtu akikosa kimoja katika hivyo, mtoto huharisha. Au fedha zikipungua, unga hupunguzwa na maji huongezwa, na mtoto hukonda huku chupa imejaa.

Jumatatu asubuhi nilimfunga mtoto, tukaenda, mimi na mama mkwe, kwenye zahanati ndogo iliyo karibu na kwetu. Mwuguzi wa pale alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliyebakiza muda mfupi astaafu. Alimpima mtoto: kilo 2.87. Alikuwa amepungua zaidi kidogo ya sehemu ya kumi ya uzito wa kuzaliwa. Watoto wote hupungua siku za kwanza, lakini wakifika hapo lazima jambo lifanyike. Nilitazamia atanikemea. Alinawa mikono, akavuta kiti, akasema, "Haya mama, mnyonyeshe nikuone."

Tangu mtoto wangu azaliwe hakuna mtu aliyekuwa ameniambia maneno hayo. Wote waliniambia nimnyonyeshe, wala hakuna aliyetaka kuona.

Alitazama kwa muda mfupi, kisha akaniambia nimtoe, na nisimvute, bali nitie kidole kisafi pembeni mwa kinywa chake ili aachie. Kwanza alinipa kitambaa cha maji ya moto kidogo niweke juu ya titi, akanionyesha kukamua kwa vidole, si kwa kuvuta chuchu, bali kwa kubana nyuma yake pale weusi unapoishia, hata maziwa yakaanza kuruka na mahali pale pakalainika. Ndipo akamgeuza mtoto. Mimi nilikuwa nikimlaza chali na kumpindua shingo. Yeye alimlaza ubavu, tumbo lake likagusa tumbo langu, na sikio, bega na nyonga zikawa katika mstari mmoja. Pua ya mtoto akaiweka mkabala na chuchu. Akasema, "Usiinamie. Ukimpelekea titi mtoto utaumwa mgongo mpaka arusi yake. Mlete yeye kwenye titi. Mguse mdomo wa juu, ungoje. Bado. Bado. Akipanua kama apigaye mwayo, mlete haraka." Mtoto akapanua. Akaletwa. Kidevu chake kikazama titini, mdomo wa chini ukakunjuka nje, na weusi wa titi ukaonekana juu ya mdomo wake kuliko chini. Nilijikaza meno kama desturi yangu, nikangoja maumivu, na maumivu hayakuja. Palikuwa na kuvuta tu, kwa nguvu, na baada ya kitambo nikasikia sauti ya mtoto akimeza.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. "Ndivyo!" akasema kwa sauti. "Ndivyo hasa! Mama yangu alinishika mkono hivyo hivyo." Kisha akaketi kwenye benchi, akawa kimya, na mwishowe akasema kwamba alikuwa amesahau kabisa kuwa yeye naye alionyeshwa. Kwa muda wa miaka zaidi ya 40 alidhani alijua mwenyewe.

Nimelifikiri sana neno lake. Zamani msichana alikua akiwaona shangazi na dada zake wakinyonyesha kila siku mbele ya macho yake, naye alipozaa wanawake watatu au wanne walikuwa nyumbani mchana na usiku. Mafundisho yalikuwako, ila hayakuitwa mafundisho. Sisi tuliopelekwa shule ya bweni tangu utotoni, tukatoka tukaingia ofisini, tukapanga chumba mjini, tumeyakosa mambo yale, wala hatukupewa mengine badala yake. Sisemi turudi nyuma. Nasema tu kwamba mkunga wa hospitali amewekwa mahali pa wanawake wale wanne, na serikali imempa wodi nzima peke yake.

Habari ya maji ya sukari mwuguzi aliitaja mwenyewe, tena kwa heshima, akimwelekea mama mkwe. Alisema, "Mama, sukari humnyamazisha kwa kuwa tumbo limejaa, na aliyejaa hanyonyi. Titi lisiponyonywa halijui kwamba laitwa." Hapo mama mkwe, ambaye ana ng'ombe wawili wa maziwa, alielewa kabla yangu. Ng'ombe asiyekamuliwa hukauka. Naye akamuliwaye mara tatu hutoa kuliko wa mara mbili. Baadaye nilisoma nikajua sababu yake. Ziko homoni mbili zitokazo ubongoni. Ya kwanza, prolaktini, huamuru maziwa yatengenezwe, nayo huongezeka kila mtoto anyonyapo, na usiku zaidi ya mchana, kwa hiyo mama anayeacha kunyonyesha usiku ili maziwa "yajikusanye" afanya kinyume. Ya pili, oksitosini, huyasukuma maziwa yatoke. Na hii ina aibu, kwa maana maumivu makali, hofu na fadhaa huizuia. Mtamba aliyepigwa kelele na mama aliyeambiwa kwamba matiti yake hayafai wako katika hali moja.

Tulipewa kazi ya kufanya. Mtoto anyonye mara 8 mpaka 12 kwa mchana na usiku, hata kama ni kumwamsha. Kila baada ya kunyonya nikamue yaliyobaki katika kikombe kidogo kilichochemshwa, naye anyweshwe kwa kikombe hicho hicho, akiwa ameketishwa wima, ayalambe mwenyewe, asimiminiwe kinywani. Matone ya mwisho nijipake kwenye chuchu zilizopasuka na kuyaacha yakauke. Turudi Jumatano, na kama hajaongezeka tutapelekwa kwa daktari.

Siku mbili zile sitazisahau. Mama mkwe alipika uji wa wimbi na kimanga, akanilisha kama mtoto wa pili. Mume wangu alichemsha vikombe, akafua nepi, akaandika saa za kunyonya katika daftari la shule lenye mistari, kwa mwandiko wake wa ubaoni, na nepi mbichi akazihesabu na kuziwekea alama. Jumatatu zilikuwa tatu, Jumanne tano, Jumatano kabla ya kwenda zahanati zilikuwa zimekwisha kufika nne, na rangi ya tofali haikuonekana tena. Alipimwa: kilo 2.93. Mwuguzi alisema tu, "Endeleeni," akamwita mwingine. Siku ya 14 alikuwa amevuka uzito wake wa kuzaliwa, na majuma sita yalipotimia alikuwa na kilo 4.4. Kopo mume wangu alijaribu kulirudisha dukani, mwenye duka akakataa.

Nani ajuaye ni watoto wangapi huachishwa katika siku hizo nne kwa kukosa mtu wa kusema "nikuone"? Utafiti wa serikali wa mwaka 2008 na 2009 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya miezi sita, 32 ndio waliokuwa wakinyonya tu bila kupewa kitu kingine. Mwaka 2014 walikuwa 61, maendeleo makubwa ambayo mtu asiyaone kuwa madogo. Lakini utafiti wa mwaka 2022 uliwaona 60. Hesabu imesimama mahali pamoja. Nadhani wale waliohitaji kuambiwa wamekwisha kuambiwa, na waliobaki ni wale wanaohitaji kuonyeshwa, na wale wanaohitaji nafasi kazini.

Maana kazini nako kuna yake. Kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 mama hupata miezi mitatu yenye mshahara kamili, wala likizo yake ya mwaka haipotei. Niliunganisha zote mbili, nikarudi ofisini mwisho wa mwezi wa Julai, binti yangu akiwa na miezi minne na nusu. Juma lililofuata likawa ndilo lile juma la kwanza la Agosti ambalo tangu mwaka 1992 limewekwa duniani kwa ajili ya kunyonyesha, na mtu wa afya akaja akabandika ukutani kwetu picha nzuri ya mama na mtoto. Niliitazama picha ile huku mbele ya blauzi yangu imelowa, kwa kuwa mahali pa kukamua hapakuwapo isipokuwa msalani.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yasema kwamba mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamua, nje ya choo, na kwamba mama apewe vipindi vya kufanya hivyo visivyozidi saa moja kwa kila saa 8 za kazi, navyo vihesabiwe kuwa ni kazi. Niliinakili sehemu hiyo kwa mkono, nikaipeleka kwa mkuu wa ofisi yetu. Aliisoma mara mbili. Akasema, "Sheria sina ubishi nayo, mama. Chumba ndicho sina." Nikamwambia iko stoo ya majalada ya zamani. Akanitazama, akafungua saraka, akanipa ufunguo.

Stoo ile ilikuwa na vumbi na joto la Voi, nami nilifunika dirisha kwa karatasi ya manila. Nilikamua saa nne asubuhi na saa nane mchana, nikiketi juu ya sanduku la hesabu zilizofungwa. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa muda wa saa 4 hivi mahali pasipo joto kali, lakini Voi si mahali pa namna hiyo, basi nilinunua barafu kila asubuhi kwa muuza soda, nikaiweka katika chupa pana ya kuhifadhi chai, na kikombe chenye kifuniko ndani yake. Makarani wanaume waliniuliza siku ya kwanza nabeba nini, nikawaambia. Hawakuuliza tena, na mmoja wao, mzee anayehesabiwa kuwa mkali, akaanza kunichukulia barafu njiani mwake. Yaya alimnywesha mtoto kwa kikombe, kama tulivyofundishwa zahanati, na miezi sita ikatimia katikati ya Septemba.

Mwaka 2020 nilimkabidhi ufunguo karani mwenzangu aliyerudi kutoka kujifungua. Yeye alikuwa hodari kuliko mimi: aliomba kiti chenye mgongo, akapewa.